Mgeni wa Mama Mkia

Mwalimu alisema maneno mengi, na mtoto akatafsiri machache.

Mama alikuwa amekalia kiti cha wanafunzi, magoti yamepanda karibu na kidevu, mkoba ameupakata. Ruhusa aliyopewa kazini ilikuwa ya saa moja, na msimamizi alimpa kwa kumnyooshea kidole saa ya ukutani, basi. Kati yake na mwalimu alisimama binti yake wa miaka tisa, ambaye tangu alipoanza kutambaa aliitwa Mkia, kwa sababu popote alipokuwa mama yake naye alikuwapo, nyuma hatua moja. Siku hizi Mkia ndiye aliyetangulia mbele. Kwa mwaka mmoja na nusu lugha ya nchi hii ilikuwa imemwingia kama maji kwenye sifongo, wakati mama yake bado alijua kuomba chumvi, kusema samahani na kuhesabu mpaka hamsini.

Mwalimu alifungua daftari, akagusa ukurasa mmoja kwa kidole, akaendelea kuzungumza. Hakumwangalia Mkia. Alimwangalia Mama, kwa macho ya mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba na hajui aanzie wapi.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

"Anasema ninasoma vizuri."

"Maneno yote hayo?"

"Na hesabu niongeze bidii kidogo."

Mwalimu akauliza jambo, na Mkia akajibu palepale bila kumgeukia mama yake. Mama alikwisha kuzoea kwamba mtoto akizungumza lugha ya watu sauti yake hubadilika kidogo. Ila hii ilikuwa ya chini, tulivu, ya mtoto aliyelelewa na mtu mzee, anayepima neno kabla ya kulitoa. Mwalimu alipoisikia alivua miwani yake, akaziba mdomo kwa mkono.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unashukuru."

Basi Mama akainamisha kichwa, akatabasamu, akamwambia mwalimu lile neno la shukrani analolijua. Mwalimu hakutabasamu. Alibaki anamtazama kama mtu anayetazama dirishani usiku, asijue yaliyomo ndani.

*

Haikuanza siku moja. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya nne, juu ya ngazi zilizonuka rangi mwaka mzima. Mama alitoka alfajiri, akarudi saa kumi, na Mkia aliyetoka shule saa tisa alijifungulia mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Siku moja Mama alirudi akamkuta amesimama nje, viatu ameshika mkononi, mlango uko wazi.

"Ufunguo umekwama?"

"Hapana. Nilikuwa nangoja nikaribishwe."

Mama alicheka, akamsukuma ndani. Watoto wana vituko vyao. Wiki iliyofuata Mkia alianza kuomba maji. Hakuomba aletewe, aliomba ruhusa ya kunywa: "Naomba niteke maji kidogo." Akila, anabakiza nusu, anaisogeza sahani upande wa mama yake na kusema ameshiba, huku macho yake yanasema vingine. Kwenye kitanda walicholala wawili alijikunyata ukingoni kabisa, juu ya blanketi, na asubuhi Mama alikuta upande wake umenyooka kama haujalaliwa. Nguo zake alizitoa kabatini, akazipanga ndani ya mfuko wa plastiki karibu na mlango. Mama alizirudisha mara tatu. Mara tatu alizikuta tena kwenye mfuko.

Akajiambia mtoto anakua, anajifunza adabu. Akajiambia pia kwamba amechoka, na mtu aliyechoka huona mengi.

Kisha ikafika Jumanne moja, jua bado linaingia jikoni. Mama alikuwa anasugua sufuria, na sauti ikatoka nyuma yake:

"Mama Mkia, nikusaidie kuosha vyombo?"

Alifikiri ni utani, akaupokea kama utani. "Nisaidie, mgeni wangu. Na Mkia mwenyewe yuko wapi?"

"Si ulimwacha kule," mtoto alisema taratibu, kama anayemkumbusha mtu mahali alipoweka miwani.

Mkono wa Mama ukaganda ndani ya maji. Duniani kulikuwa na mtoto mmoja tu aliyewahi kumwita Mama Mkia kwa sauti ile, polepole, jina kamili, bila kulikata. Alikuwa mjukuu wa jirani yao wa kule walikotoka, umri mmoja na Mkia, kimo kimoja. Walimwita Pengo, kwa sababu jino lake la chonge la upande wa kushoto liling'oka mapema na jingine likachelewa kuota. Tangu siku walipovuka kizuizi cha mpakani, Mama hakuwa amelitaja jina hilo hata kwa bahati mbaya, na Mkia naye hakulitaja. Alidhani mtoto amesahau. Alimwomba Mungu awe amesahau.

Alipogeuka, binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, mabega chini, kichwa kimeinama upande mmoja. Pengo ndivyo alivyosimama. Uso ulikuwa wa Mkia, nyusi za baba yake, kovu dogo la tetekuwanga juu ya pua. Ila aliyesimama humo ndani ya uso hakuwa Mkia, na alikuwa anangoja ajibiwe.

"Kaa tu," Mama alisema. "Nitaosha mwenyewe."

"Asante, Mama Mkia."

*

Kazi ya Mama ilikuwa kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Kutwa nzima mashuka yalitoka kwenye mashine yakiwa ya moto, na wanawake wawili wawili waliyakunja: mnashika pembe, mnavuta, mnatembea kukutana, mnaachana tena. Mwenzake alikuwa mwanamke wa makamo anayezungumza lugha yao, aliyetangulia kufika nchi hii kwa miaka kumi na miwili. Kwa kuwa alianzia kwenye pasi ya mvuke na mikono yake yote ilikuwa na alama za pasi hiyo, kiwanda kizima kilimwita Bi Mvuke. Mdomo wake haukulala, lakini siku ile Mama ndiye aliyeanza.

"Dada, mtu anaweza kuingiwa na mtu mwingine?"

Walikutana katikati, Bi Mvuke akapokea pembe. "Aliyekufa au aliye hai?"

"Sijui."

"Hujui nini, kama inawezekana au kama amekufa?"

"Kama amekufa."

Wakaachana, wakavuta shuka. Bi Mvuke alimtazama kutoka upande wa pili. "Mdogo wangu, hapa kuna watakaokwambia mtoto ana pepo, watakuuzia na maji ya kumnyunyizia. Mimi nilikuwa na mwanangu wa kiume aliyekaa chini ya meza miezi mitano. Chakula chini ya meza, daftari chini ya meza. Majirani walisema amerogwa. Hakurogwa. Alikuwa anajua kitu ambacho mimi nilikuwa nakikwepa."

"Kitu gani?"

"Cha kwangu ni changu. Wewe chako unakijua." Walikutana tena, vidole vyao vikagusana kwenye kitambaa cha moto. "Shuleni anakutafsiria nani?"

"Mwenyewe. Ananiambia anasoma vizuri."

Bi Mvuke akasimama. Nyuma yao mashuka yakaanza kurundikana. "Mgonjwa ndiye anayekusomea cheti chake? Ndiyo maana unaambiwa anasoma vizuri. Wana mkalimani wa simu, bure, ni haki yako. Kariri neno hili." Akalitamka, Mama akalirudia, likatoka vibaya. Akalirudia tena. Msimamizi alipopita akawakuta wanawake wawili wameshika shuka moja, wanaambizana neno "mkalimani" kwa lugha ya nchi kama watoto wa darasa la kwanza.

*

Jumamosi, saa sita mchana, Mama alirudi kutoka dukani na mifuko miwili. Kimya ndani ya nyumba kilikuwa kimya cha mtu aliyeshika pumzi. Mlango wa bafu ulikuwa umerudishiwa tu.

Mkia alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya kioo. Uzi mweusi wa kushonea ulining'inia kwenye kitasa cha kabati la dawa. Ndani ya sinki, kwenye maji mekundu kidogo, palikuwa na jino dogo jeupe. Lilikuwa chonge la utotoni, ambalo wiki iliyopita halikuwa hata limelegea.

Mtoto hakulia. Aliinua mdomo wa juu kwa kidole, akajikagua kwenye kioo, upande wa kushoto, kwa makini ya mtu anayejaribu nguo ya sikukuu. Kisha akageuka, akamtabasamia mama yake kwa mdomo wenye damu.

"Sasa ninafanana," alisema.

Mifuko ilimtoka Mama mikononi. Viazi viwili vilibingirika mpaka kwenye ndoo. Alimfuta mtoto mdomo kwa taulo, akamkandamizia pamba, akampakata sakafuni, na mwili wa mtoto ulikuwa mwepesi, umekaa wima mapajani kwa heshima, haukumwegemea. Kwa muda mfupi sana Mama alipatwa na wazo lililomtia baridi: kwamba amempakata mtoto wa watu. Akaangalia kovu la tetekuwanga. Lilikuwapo. Akaliangalia tena.

"Wewe ni mwanangu," alisema.

"Usiseme hivyo, Mama Mkia. Mwenyewe akisikia ataumia."

*

Jumatatu Mama hakungoja kuitwa. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya shule akatamka lile neno mara nne, mpaka karani akalielewa. Walimpeleka kwenye chumba chenye meza ya duara. Alikuja mwalimu wa miwani, akaja na mwanamke mwingine mnene mwenye sauti ya pole, aliyeshughulika na watoto wenye mambo mazito moyoni. Katikati ya meza iliwekwa simu, na kutoka kwenye simu ikatoka sauti ya mwanamke asiyeonekana, inayozungumza lugha yao kwa ufasaha.

"Habari za asubuhi, mama. Mimi ni mkalimani. Nitasema kila kitakachosemwa, sitaongeza wala kupunguza. Nikisema 'mimi', ujue si mimi, ni yule anayezungumza."

"Nimeelewa."

Mwanamke wa ushauri akafungua lile daftari, akasoma. Simu ikasoma baada yake.

"'Mimi si mtoto wa mama huyu. Mtoto wake walimchukua watu wa kizuizi. Alikosea akavuta mkono wangu. Ni mama mzuri, ananipa chakula, sitaki apate matatizo. Lakini mtu amwambie. Mtoto wake bado amesimama palepale.'"

Chumba kilikuwa na jua. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, na sauti ya mpira ukigonga ukuta ilisikika, ikanyamaza, ikasikika.

"Ameandika hivi kurasa kumi na moja," simu ilisema. "Kila mara kwa mwandiko usio wake. Wiki iliyopita tulikuuliza mbele yake kama unalijua jambo hili, naye akatujibu kwamba wewe unalijua na umekataza lisisemwe. Mama, samahani kwa swali langu. Huyu ni mtoto wako?"

Mama alidhani hajasikia vizuri. "Ananiuliza kama nimemzaa?"

"Ndiyo. Ninao wajibu wa kuiarifu ofisi ya watoto. Una cheti cha kuzaliwa? Picha yake akiwa mdogo?"

Cheti kilibaki kwenye droo ya nyumba ambayo haikuwa na paa tena. Picha zilikuwa kwenye simu ya mume, na mume mwenyewe alipatikana kwa simu miezi miwili ya kwanza, kisha akaacha kupatikana. Mama alitoa alichokuwa nacho. "Mwangalieni uso," alisema. "Niangalieni na mimi." Akageuza uso wake kushoto, akaugeuza kulia, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Wanawake wawili wakamtazama pua, wakamtazama kidevu, kisha macho yao yakarudi kwenye daftari.

Ndipo alipoelewa kwamba kuna jambo moja tu litakalomsaidia, na ndilo lile lile linaloweza kumwangusha. Kwenye karatasi za kuomba kukaa nchi hii alikuwa ameapa kwamba alisafiri na mtoto wake peke yake, bila mtu mwingine. Karatasi hizo bado zilikuwa mezani kwa wakubwa, hazijajibiwa.

"Mwiteni," alisema. "Nitasema mbele yake."

Mkia aliingia, akasalimia kila mtu, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa akae. Akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Tulikuwa watatu," Mama alisema, na simu ikasema baada yake. "Bibi yake Pengo alishindwa kutembea. Akanikabidhi mtoto njiani, akasema nenda naye, mimi nitawafuata. Wote tulijua hatafuata. Tulitembea siku nne. Sweta lilikuwa moja, nikawaambia huyu avae mpaka kwenye nguzo ile, mwenzake avae mpaka nguzo ya pili. Hawakugombana hata mara moja."

 Simu ilimngoja.

"Kwenye kizuizi palikuwa na meza na karani. Watu wa mbele wakaturudishia habari kwamba mwenye mtoto asiye wake anawekwa kando mpaka achunguzwe. Niliwaona waliowekwa kando. Walikuwa wamekaa chini ya ukuta tangu wiki iliyopita, na wengine walikuwa hawaketi tena, wamelala. Lori la mwisho lilikuwa linanguruma. Karani akaniuliza, watoto wako wangapi? Nikasema mmoja. Akaniuliza, yupi? Nikapeleka mkono nyuma, nikavuta."

"Hukuangalia," mtoto alisema.

Alisema kwa lugha yao, kwa sauti yake mwenyewe, kali kidogo, ya kulalamika. Mama hakuwa ameisikia kwa wiki nyingi. Mkalimani alisita, kisha akaitafsiri.

"Sikuangalia. Niliujua mkono wako."

"Pengo alikuwa ameshika gauni lako."

"Ndiyo."

"Ukamtoa vidole."

"Nikamtoa. Kimoja kimoja. Havikuwa na nguvu."

Simu ikanyamaza. Wanawake wawili wakaitazama. Baadaye sauti isiyoonekana ikasema samahani, kwa lugha zote mbili, ikajikohoza, na ikaleta maneno yale kwa upande wa pili neno kwa neno kama ilivyoahidi.

Mwanamke wa ushauri hakumuuliza Mama kitu. Aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto. "Kwa nini umetuambia wewe ni Pengo?"

Mkia angeweza kumjibu kwa lugha ya nchi. Alijibu kwa lugha ya nyumbani, kuelekea kwenye simu, ili safari hii atafsiriwe yeye.

"Kwa sababu akiwa ni Pengo aliyebaki, mama hatarudi. Pengo si wa kwake. Lakini akiwa ni Mkia, atarudi. Mama hawezi kumwacha Mkia. Kwa hiyo nilikuwa Pengo mimi, ili aliyebaki awe Mkia." Akachezea ufunguo shingoni. "Nikangoja akumbuke. Nilimpa dalili nyingi. Hakuwa anakumbuka."

Mama alitoka kwenye kiti akapiga magoti sakafuni mbele ya mtoto. "Nilikumbuka kila siku," alisema. "Hilo ndilo sikutaka ulijue."

"Basi utarudi?"

"Siwezi kukudanganya, mwanangu. Njia ile imefungwa, na nikitoka hapa hawaniruhusu kuingia tena. Lakini nitamtafuta. Leo hii."

Mtoto aliifikiria ahadi hiyo kama mtu anayekagua bidhaa. "Taja jina lake. Lile la vyeti."

Mama alilitaja, jina la mtoto, jina la baba yake na jina la bibi yake. Mwanamke wa ushauri akaomba lirudiwe herufi kwa herufi, akaliandika.

*

Wakili wa msaada, kijana mwenye mafua yasiyoisha, alimweleza Mama waziwazi kwamba kubadilisha maelezo aliyokwisha kuyaapia kunaweza kumgharimu. Wakubwa watauliza: kama alidanganya hili, amedanganya mangapi? Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu. Jibu lililokuwa litoke mwezi ule likaahirishwa, na hakuna aliyejua mpaka lini.

Ofisi ya watoto ilikuja nyumbani mara tatu. Walifungua friji, wakahesabu mito kitandani, wakauliza kwa nini nguo za mtoto ziko kwenye mfuko mlangoni. Siku nyingine walimpitishia Mama kijiti cha pamba ndani ya shavu, wakampitishia na Mkia, ili maabara iseme kama ni mama na mwana. Kiwandani Bi Mvuke aliposikia alisema uchungu wa kuzaa wa siku mbili nzima, sasa unathibitishwa na mate. Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, mvuke ulikuwa mwingi. Majibu yaliporudi yalisema kile ambacho kovu la tetekuwanga lilikwisha kusema.

Mtoto hakupona kwa siku moja kama mtu anayeamka. Kila Jumatano alikaa saa nzima na yule mwanamke wa ushauri. Kwa majuma mengi hakumwita mama yake chochote, si Mama, wala Mama Mkia, akitaka kitu alianza tu sentensi. Siku nyingine Mama alimkuta tena nje ya mlango na viatu mkononi. Hakumsukuma ndani. Aliketi naye kwenye ngazi, wakangoja pamoja mpaka mmoja wao ahisi baridi. Kisha Ijumaa moja, Mama akiwa bafuni, sauti ikapasua nyumba: "Mama, nani kachukua soksi zangu za bluu?" Mama alikaa kwenye ukingo wa bafu, maji yakiendelea kutiririka, akaomba aulizwe tena. Akaulizwa tena, kwa hasira.

Mwezi wa saba waliitwa na shirika linalotafuta watu waliopoteana. Chumba kilikuwa na madirisha makubwa na ua la plastiki, na mkalimani wa simu safari hii alikuwa mwanaume, sauti yake kama ametoka kulala au ana homa. Ofisa alikuwa na faili jembamba.

"Mtoto wa jina mlilotupa hatukumpata popote," mkalimani alisema.

Mkia aliushika mkono wa kiti.

"Lakini kwenye kambi moja, upande wa pili wa kizuizi, kuna mtoto wa kike wa umri huo, ana pengo la chonge upande wa kushoto. Ameandikishwa kwa jina jingine." Ofisa akageuza faili ili Mama aone. Lilikuwa jina la Mkia. Jina lake la vyeti, jina la baba yake, na mahali pa mama, jina la Mama. "Yuko hapo tangu mwanzo. Amewaambia kwamba mama yake alitangulia kwenye lori, na kwa haraka akamchukua mtoto wa jirani. Kila gari likija huenda kusimama getini. Waliwahi kumpatia familia ya kumlea, akakataa, akasema mama yake akirudi hatamwona."

 Vinyweleo vilimsimama Mama mikononi, juani, mchana kweupe. Miezi yote ile watoto wawili, kila mmoja upande wake wa dunia, walikuwa wameshikilia uongo ule ule kwa ncha mbili, wameukaza usilegee, na hawakuwahi kupatana.

"Lazima tuulize," mkalimani alisema. "Huyo ni mtoto wako?"

Mama aliona wazi kwamba akisema ndiyo, mambo yatakwenda haraka. Jina lilikuwa limekwisha kuandikwa. "Sikumzaa," alisema. "Nilimkana. Ndiye ninayemtaka. Andika yote matatu."

Ofisa aliandika. Ilichukua majuma mengine matano, na hata hapo haikuwa safari, ilikuwa simu tu. Safari ingengoja mihuri ya nchi mbili na jibu la faili la Mama lenyewe. Waliwekwa chumba kilekile. Simu ilipounganishwa, kulisikika upepo na watu wengi mbali, na karibu kabisa, pumzi.

Mkia aliinyakua. "Ni mimi," alisema. "Usiwaambie tena wewe ni mimi, wameshajua. Na mimi nimeacha." Alisikiliza. "Ndiyo, nililing'oa. Kwa uzi. Liliuma." Akasikiliza tena, muda mrefu, uso wake ukikunjuka polepole, na mwisho akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha siri za wenyewe. Kisha akamnyooshea mama yake simu.

"Anataka kukusalimia."

Mama aliifuta mikono yake kwenye gauni kwanza, ingawa haikuwa na maji. Aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo," sauti ilisema, taratibu, ya mtoto aliyelelewa na mtu mzee.

Kila mtu mzima huwa nalo jibu la salamu hiyo mdomoni, hulitoa bila kufikiri. Mama alilitafuta, akalikosa. Alisimama katikati ya chumba kile chenye jua, simu sikioni, na binti yake anamtazama. Kule mbali upepo ulikuwa unavuma. Mtoto hakukata simu. Alikuwa anangoja.